Muuguzi wa Giheke Aliyeanguka Kiswahili

Emerance Nyirahabimana aliyasoma matokeo yake akiwa amesimama kwenye korido ya kituo cha afya kule Giheke, Rwanda, simu mkono huu, chupa ya spiriti mkono ule. Famasia, sabini na moja. Afya ya mama na mtoto, themanini na mbili. Takwimu, hamsini na sita. Kwa hizo hamsini na sita alimshukuru Mungu papo hapo. Halafu mstari wa mwisho, ambao hakuona hata sababu ya kuutazama. Kiswahili: thelathini na nane. Ameanguka.

Akakifuta kioo cha simu kwa pindo la koti lake jeupe, akasoma tena. Thelathini na nane zilibaki palepale.

"Kuna nini tena?" aliuliza Joselyne, muuguzi mwenzake, aliyekuwa akipita na trei ya sindano.

"Banasema siyuwi Kiswahili."

Joselyne aliweka trei chini, akacheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa na ubaya. Kituo kizima kilijua kwamba Emerance ni mtoto wa Bukavu, Kongo, na kwamba mgonjwa yeyote aliyevuka mpaka akaja bila kujua Kinyarwanda alipelekwa moja kwa moja chumbani kwake.

Alizaliwa Kadutu, mtaa wa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, katika familia ya Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Kongo zamani. Kiswahili kilikuwa lugha ya uani, ya sokoni, ya michezo na ya kugombana na dada zake. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja familia ikarudi Rwanda, ikapata shamba Giheke. Shuleni wenzake walimwita Mkongomani. Mama yake, Mukabera, aliona binti zake wanarudi nyumbani wakilia, basi jioni moja akawakalisha chini, akawaambia: "Hapa tutasema Kinyarwanda. Ile ingine tuliiacha ku mupaka." Tangu siku hiyo, Kiswahili kikawa cha kunong'ona. Dada watatu walikisema shambani, migongo imeinama, mama akiwa mbali. Emerance hakuwahi kukisoma kitabuni wala kukiandika, hata barua moja.

Alipofika miaka thelathini na tisa, tayari mke wa Osée, mkulima wa kahawa, na mama wa watoto watatu, alijiandikisha kusomea shahada ya uuguzi katika tawi la chuo kikuu cha serikali, kwenye masomo ya mwisho wa wiki. Jumamosi alipanda pikipiki alfajiri; Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, alitoka kulima barabara na wanakijiji, akanawa miguu, akaenda darasani saa sita. Masomo ya uuguzi hayakumtisha. Alikuwa ameyafanya kwa mikono yake miaka kumi na saba kabla ya kuambiwa majina yake.

Lakini chuo kilikuwa na sharti. Awe anasomea uuguzi, kilimo, uhasibu au ujenzi wa madaraja, kila mwanafunzi alipaswa kufaulu masomo kadhaa nje ya fani yake kabla ya kupewa shahada: Kiingereza cha kuandika, kompyuta, uraia na historia, kupima hoja, na lugha moja ya kanda. Wanafunzi waliyaita "masomo ya wote", na waliyasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia kodi. Katika lugha za kanda Emerance alichagua Kiswahili bila kufikiri, kama vile mtu anavyovuta kiti kilicho karibu. Darasani alikaa nyuma, akarudia noti za famasia chini ya meza. Siku ya mtihani waliambiwa waandike insha juu ya usafi wa maji. Aliandika kurasa tano kwa furaha, akawa wa kwanza kutoka.

Na sasa thelathini na nane.

Jumatatu aliomba ruhusa, akaenda kwenye ofisi ya usajili. Dirishani alikaa mtu mwembamba mwenye sweta la kijivu, Byiringiro, ambaye alitafuta jina lake kwenye kompyuta polepole, kwa kidole kimoja. Waliongea Kinyarwanda.

"Masomo ya fani yako yote umefaulu, Maman. Limebaki hili tu. Bila hili, jina lako haliingii kwenye orodha ya watakaovaa joho."

"Mimi ni muuguzi," alisema Emerance, na sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. "Mgonjwa akiletwa anavuja damu, ataniuliza ngeli?"

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka. Byiringiro hakucheka, wala hakukasirika. "Sijui atakuuliza nini. Ninachojua ni kwamba hakuna shahada yenye shimo." Akasogea karibu na kioo, akashusha sauti. "Sikiliza. Somo hili linafundishwa muhula huu, halafu halirudi mpaka mwakani. Usajili wa wanaorudia unafungwa leo saa kumi na moja. Unahitaji saini ya mwalimu. Unamjua anapokaa?"

Hakujua. Miezi minne alikuwa darasani kwa yule mwalimu, na hakujua ofisi yake iko jengo gani.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu. Byiringiro aliangalia saa, akaangalia foleni, akafunga dirisha. "Nisubirini dakika kumi," aliwaambia watu, wakanung'unika. Akaichukua fomu, akaiingiza ndani ya sweta lake isilowe, akakimbia na Emerance kwenye mvua, wakapita majengo mawili na uwanja wa matope, hadi kwenye mlango wenye jina la Madame Umutoni. Akabisha, akaeleza kwa maneno matatu, akarudi mbio kwenye kazi yake, mabega yakichuruzika maji. Emerance hata hakuwahi kusema asante.

Umutoni alikuwa kijana, huenda Emerance alimzidi miaka kumi. Alitia saini kwanza. Kisha akatoa insha kwenye kabati, akaiweka mezani. Ilikuwa imejaa wino mwekundu. Sentensi ya kwanza ilisema: *Batoto ya mu kijiji yetu banakunywaka mayi mubaya.*

"Nimeelewa kila neno ulilolisema humu," alisema Umutoni. "Ulipotaka nicheke, nilicheka. Yule mwanamke aliyetengeneza chujio kwa shati la harusi la mumewe, nilimsimulia mwenzangu. Tatizo si kwamba hujui Kiswahili."

"Basi tatizo ni nini, Madame?"

"Una cha nyumbani peke yake. Sikwambii ukitupe, na mtu akikuambia ukitupe usimsikilize. Lakini ukimwandikia muuguzi wa Kigoma au wa Mombasa, asiyekujua, asiyeona uso wako, ataipata habari nusu. Somo hili linataka uwe na cha pili."

Emerance aliitikia kwa adabu, akatoka. Nyuma ya pikipiki, njiani kurudi Giheke, alilia ndani ya kofia ya chuma ili dereva asimsikie. Kitu pekee alichodhani ni chake kabisa, kumbe nacho walikuwa wamekitia wino mwekundu. Nyumbani Osée alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungeanguka kwenye dawa, ningeogopa kuumwa. Hii ni ya kusoma tu. Soma."

Joselyne, ambaye alikuwa akitafuta namna ya kulipia kicheko chake, ndiye aliyemtajia Twahiru. Alikuwa fundi wa makochi nyuma ya soko la Kamembe, Mwislamu wa familia iliyokuwa ikiongea Kiswahili tangu babu zao, na alikuwa amesoma dini miaka minne Tanga. "Kiswahili yake iko ya radio," alisema Joselyne.

Emerance alimkuta amepiga magoti mbele ya kochi lisilo na ngozi, midomo imebana misumari midogo, akiitoa mmoja mmoja na kuigongea. Alimweleza shida yake. Twahiru aliitema misumari kiganjani.

"Samahani dada. Mimi si mwalimu wa chuo. Tena nina makochi sita ya hoteli, na sina subira. Muulize mtu yeyote."

Ingeishia hapo. Lakini Emerance alipogeuka kuondoka, upepo uliinua pazia la mlango wa ndani, na harufu moja ikamfikia. Muuguzi mwenye miaka ishirini kazini hasahau harufu hiyo.

"Nani iko na kidonda humu ndani?" aliuliza.

Twahiru alisimama. Kisha akainua pazia lile.

Mama yake, Bi Zayinabu, alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu wa kulia umefungwa kitenge. Alikuwa na sukari. Kidonda kilikuwa katika wiki ya tano, kwenye kidole cha pili, kutokana na kiatu kilichobana. Mwanawe alikuwa amembembeleza aende hospitali mpaka akachoka kubembeleza. Emerance hakubembeleza. Aliomba maji ya moto, sabuni na chumvi, akavua saa, akaketi sakafuni. Alipomaliza, jua lilikuwa limefika kwenye mkeka, na bibi alikuwa amelala akiwa amekaa.

"Utakuja lini tena?" aliuliza Twahiru, sauti yake imebadilika.

"Jumanne na Alhamisi, nikitoka ku kazi."

"*Nikitoka kazini*," alisema Twahiru. Ndivyo masomo yalivyoanza.

Ilikuwa mguu kwanza, Kiswahili baadaye. Twahiru hakudanganya kuhusu subira yake. Alifundisha huku akishona, na kila kosa alilipokea kwa kugonga nyundo mbao tupu. Alimfanya ataje kila kitu kilichokuwa kibandani, kimoja na vingi: msumari, misumari, kitambaa, vitambaa, uzi mrefu, nyuzi ndefu, ubao mpana, mbao pana.

"Bintu yangu yote..."

Nyundo. "Vitu vyangu vyote."

"Vitu vyangu vyote viko..." Alisita. "Viko vizuri."

"Umesikia? *Vi, vya, vyo, vi.* Vinafuatana kama watoto wa shule."

Emerance alisikia. Miaka yote alikuwa akipita ndani ya lugha yake kama ndani ya nyumba gizani, anajua kila kona kwa mguu. Sasa mtu alikuwa anafungua madirisha, moja moja. Alianza kubeba daftari kila mahali. Alisahihisha kimoyomoyo wimbo wa kwaya. Alikuwa akipima presha ya mtu huku akijiambia, *presha imepanda, mapigo yamepanda, mikono imevimba.*

Jioni moja alikuwa akisoma kwa sauti barazani, kitabu alichoazima kwa Twahiru, habari za wafugaji wa nyuki. Mama yake, Mukabera, alikuwa kando akichambua maharage. Emerance alipomkumbuka alinyamaza ghafla, kama msichana aliyekamatwa. Kwa karibu miaka thelathini yeye na dada zake hawakuwahi kusema Kiswahili mbele ya mama.

Mukabera hakuinua kichwa. "Rudilia pale," alisema, kwa Kiswahili. "Pale ba nyuki banakimbia."

Emerance alirudia. Alisoma mpaka giza likayafunga maandishi, na mama yake akacheka mahali pawili. Baadaye mama akasema, taratibu, bado kwa lugha ileile, "Nilifanya vile juu muliliaka sana. Haikuwa kuichukia." Ni hayo tu aliyosema. Emerance alimshika mkono wenye vumbi la maharage, wakakaa hivyo.

Wiki ya tatu kidole cha Bi Zayinabu kilibadilika rangi. Emerance alifungua bendeji, akatazama, akaanza kuifunga upya.

"Maman, hii imenishinda. Tunaenda hospitali kesho."

"Siendi."

"Juu ya nini?"

Bibi alitazama ukuta. Twahiru aliacha kushona. Ilionekana hata yeye hakuwahi kuisikia sababu. Zamani, alisema Bi Zayinabu, alikuwa kwenye foleni ya ofisi fulani, akauliza jambo kwa Kiswahili, lugha aliyonyonya kwa mama yake hapahapa Kamembe. Mtu mmoja nyuma yake akasema kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba hiyo ni lugha ya wezi. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo, akienda mahali penye foleni, anabana mdomo. "Na daktari atataka nieleze. Kinyarwanda changu kikiingia hofu kinakimbia. Nitasimama pale kama gogo."

Emerance aliendelea kufunga bendeji, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na alitaka mikono yake iwe na kazi. Kisha akamsimulia yale ya kwao: Mkongomani, mama yake, lugha iliyoachwa mpakani. Akamalizia, "Kesho miye njo nitasema Kiswahili mbele ya batu bote. Nitasema kwa nguvu. Na kama ni kuchekwa, banicheke miye, juu mwana yako anajua namna ninaiharibu."

Bi Zayinabu akaanza kucheka, tumbo likitikisika, mpaka Twahiru naye akacheka.

Walienda. Emerance alitumia siku yake ya mapumziko. Kwenye foleni, alisema Kiswahili kwa sauti ya mhubiri: maman, egemea hapa, maman, unasikia kiu, na akachanganya cha Kadutu na cha Twahiru bila kujali. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto aliyekaa mbele yao aligeuka, akauliza kwa Kiswahili kama wao ni wa Kamembe, na baada ya hapo watu wanne waliongea mpaka jina likaitwa. Daktari aliyewapokea aliwahi kufanya kazi Goma. "Karibu, Maman," alimwambia Bi Zayinabu. "Nielezee mwenyewe." Na bibi akaeleza, tangu kiatu mpaka jana, bila kukosa kitu.

Walimkata vidole viwili. Mguu ukabaki. Daktari alimwambia Twahiru kwamba wangechelewa siku kumi, wangeongea habari nyingine.

Mtihani ulikuja mwezi uliofuata. Sehemu ya kuandika aliifanya polepole, akawa wa mwisho kutoka. Sehemu ya kusema ilikuwa mbele ya Umutoni na mwalimu mwingine, na sharti lake lilikuwa moja kwa wanafunzi wote: eleza jambo la fani yako kwa mtu asiyeisomea. Aliyemtangulia, kijana wa kilimo aitwaye Aimable, alieleza mbolea. Emerance alisimama, mikono nyuma, akamfikiria Bi Zayinabu kwenye mkeka. Akaeleza jinsi mwenye sukari anavyotunza miguu yake: aikague kila asubuhi, akaushe katikati ya vidole, asivae kiatu kabla ya kukikung'uta, asione haya kumwonyesha mtu kidonda. Mahali pamoja alisema "bidole", akasimama, akajirudi, "vidole". Yule mwalimu mwingine, mtu mnene wa makamo, aliacha kuandika, akainama kuangalia viatu vyake. Emerance alipomaliza, mwalimu huyo alimuuliza, nje kabisa ya mtihani, kama ganzi kwenye kidole gumba ni jambo la kuhofia.

"Kesho asubuhi upime sukari, Mwalimu," alisema Emerance. "Usikawie."

Alipata sitini na saba.

Alivaa joho akiwa na miaka arobaini na tatu. Mukabera alikuwepo, na Osée katika koti la kuazima, na Twahiru aliyefunga kibanda siku nzima, na Bi Zayinabu kwa fimbo, viatu vipana alivyotengenezewa na mwanawe kwa mabaki ya ngozi ya makochi. Jina lilipoitwa, aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote ni Bi Zayinabu, na baada ya hapo hakubana mdomo tena siku ile nzima.

Siku hizi Emerance anaendesha kliniki ya vidonda, Jumatano, na nusu ya wagonjwa wake huvuka mto kuja. Ameandika karatasi ya maelekezo ya ukurasa mmoja. Aliiandika kwa Kiswahili cha kitabuni, akampelekea Twahiru, ambaye alipata makosa mawili tu na akaonekana kukereka kidogo kwa uchache wake. Bi Zayinabu yeye aliisikiliza na kusema, "Toa maneno ya chuo, weka ya watu." Akayatoa. Chini yake akaandika tena yote kwa namna ya Bukavu, neno kwa neno kama yanavyosemwa sokoni, na hakuna aliyempigia nyundo. Mkuu wa kituo aliposoma aliomba nakala za vituo vingine viwili.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye Emerance alikuwa hajamshukuru. Baada ya Pasaka alijaza kikapu maparachichi na kahawa ya shamba la Osée, akapanda pikipiki mpaka chuoni. Byiringiro alikuwa dirishani kwake, sweta lilelile.

"Namba ya usajili?" aliuliza.

"Sina shida, Papa. Nimekuja kusema asante."

Byiringiro alimtazama, akatafuta uso huo kichwani, hakuupata. "Nisamehe sana, Maman. Wanapita wengi."

Akamkumbusha: mvua, fomu ndani ya sweta, somo la Kiswahili. Hata hapo hakukumbuka vizuri. Alikumbuka tu kwamba mwaka ule aliugua mafua makali. Emerance alicheka, akamweleza yote yaliyofuata, fundi wa makochi, na mguu uliobaki, na mama yake aliyekirudia Kiswahili. Byiringiro alisikiliza mikono ikiwa mezani. Alipomaliza, yule mtu alivua miwani, akaifuta, akasema miaka kumi na mmoja amekaa kwenye dirisha hilo, na watu wote waliorudi walirudi kulalamika. Akafungua mlango wa pembeni, akapokea kikapu kwa mikono miwili, akamwita mwenzake wa meza ya nyuma.

"Micheline, njoo usikie," alisema. "Maman, tafadhali, anza tena pale mwanzo."